Neno "ju" la Kiswidi: kutoka soko la Hansa hadi meza ya wanaisimu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu habari za ngeli, za mnyambuliko wa vitenzi na za msamiati wa lahaja. Safari hii tunaomba ruhusa tutoke nje kidogo. Tunakwenda Uswidi, nchi ya kaskazini mwa Ulaya yenye watu milioni kumi na ushee, kutazama neno moja la herufi mbili. Neno lenyewe ni "ju". Hutamkwa karibu na "yu", kwa sababu herufi j ya Waswidi husomwa kama y yetu. Ukifungua kamusi ndogo ya Kiswidi utalikuta limeelezwa kwa maneno machache ya aina ya "kama ijulikanavyo", kisha basi. Lakini ukikaa na Waswidi wawili wanaozungumza jikoni utalisikia tena na tena, mara nyingi kuliko nomino nyingi zilizopewa nusu ukurasa katika kamusi hiyo hiyo. Pengo hilo kati ya kamusi na jikoni ndilo lililotuvuta, maana na sisi tunalo la kwetu.

Tuanze na mfano. Mswidi akisema "Det regnar", amesema tu kwamba mvua inanyesha. Mwenzake huenda hakuwa na habari, na sasa amepata. Akisema "Det regnar ju", mvua ni ile ile na ukweli ni ule ule, ila kuna jambo limebadilika kati ya watu wawili. Sasa msemaji anamwambia mwenzake: hili unalijua, au ulipaswa kulijua, kwa hiyo sikuarifu bali nakukumbusha. Sisi tungesema, "Si mvua inanyesha!" Vivyo hivyo "Jag sa ju det", ambayo neno kwa neno ni "mimi nilisema ju hilo", kwa Kiswahili cha kila siku huwa "Si nilikuambia!" Mtoto akionywa asipande kiti kibovu, akapanda, kiti kikavunjika, sentensi hiyo itasikika Stockholm kama itakavyosikika Kampala au Mombasa.

Kwa hiyo "ju" haliongezi wala kupunguza ukweli wa sentensi. Ukiliondoa, hakuna hakimu atakayesema kwamba ushahidi umebadilika. Kazi yake iko upande mwingine kabisa: linaonyesha habari hii iko wapi kati ya msemaji na msikilizaji, ni ya nani, na kama inahesabiwa kuwa mali ya wote wawili.

Sasa historia yake. Mtu angetarajia kwamba neno dogo na la ndani kiasi hiki, neno la jikoni na la kugombezana, liwe la asili ya Waswidi wenyewe. Sivyo. Wanaosoma historia ya Kiswidi hulihesabu miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Zama za Kati kutoka Kijerumani cha Chini, yaani Kijerumani kilichosemwa katika nyanda tambarare za kaskazini mwa Ujerumani, karibu na bahari. Lililileta kundi la wafanyabiashara waliojulikana kwa jina la Hansa. Mji wao mkuu ulikuwa Lübeck, na kutoka huko merikebu zao zilivuka Bahari ya Baltiki kwenda Visby katika kisiwa cha Gotland, kwenda Kalmar, na kwenda Stockholm, mji unaotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1252. Walinunua chuma, shaba, ngozi na siagi, wakaleta chumvi na nguo. Nao hawakuwa wageni wa kupita. Walijenga, walioa, walizeeka huko. Sheria ya miji iliyotolewa chini ya mfalme Magnus Eriksson katikati ya karne ya 14 iliruhusu Wajerumani kushika hadi nusu ya viti vya baraza la mji. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1471, baada ya vita vya Brunkeberg, lakini kufikia hapo lugha ilikuwa imekwisha kuchanganyika.

Mchanganyiko huo ulikuwa mkubwa. Neno la kulipa, "betala", lilitoka huko. La mshonaji wa nguo, "skräddare", lilitoka huko. Na la mkuu wa mji, "borgmästare", kadhalika. Hayo hayashangazi. Kila penye soko, majina ya kazi, vyeo na malipo husafiri pamoja na bidhaa. La kushangaza ni kwamba na maneno ya sarufi yalisafiri. Kitenzi "bli", kinachomaanisha "kuwa" katika maana ya kugeuka kuwa kitu fulani, kilitoka Kijerumani cha Chini kikakisukuma pembeni kitenzi cha wenyeji, "varda". Kiunganishi "men", yaani "lakini", kilitoka huko huko. Na "ju" nalo.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana. "Lakini" letu ni la Kiarabu. "Au", "wala", "hata", "kama" na "bila" pia ni ya Kiarabu. Mtaalamu wa Kizanzibari, Abdulaziz Lodhi, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Uppsala huko huko Uswidi, alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, na kilitolewa katika mji wa Göteborg. Biashara ya bahari, watu wanaokaa mji mmoja vizazi kwa vizazi, ndoa za mchanganyiko, na mwisho wake maneno madogo yanayounganisha sentensi yanavuka mpaka bila mtu kuyaona. Lugha huazima jina la kitu kwa kukutana mara moja tu. Kuazima "lakini" kunahitaji watu wabishane kwa muda mrefu.

Na kuazima "ju" je? Wanaisimu wa nchi za kaskazini hudhani kwamba Mswidi na Mjerumani wa Hansa waliweza kuelewana kwa kiasi, kila mmoja akisema lugha yake, kwa kuwa lugha zenyewe zilikuwa jamaa. Tufikirie Mganda na Msoga, labda kwa umbali zaidi kidogo. Katika mazungumzo ya namna hiyo, sisi tunaona, maneno ya kukumbushana lazima yalikuwa na soko kubwa: bei si tulikubaliana, mzigo si uliuona, deni si unalijua. Hayo ni mawazo yetu, wala hatuyauzi kama ushahidi.

Neno lilipoingia halikuwa na maana hii ya leo peke yake. Katika Kiswidi cha kale liliandikwa "io" au "iu", na lilibeba pia maana ya "daima", "wakati wote". Safari ya kutoka "daima" hadi "kama unavyojua" si ngumu kuifuata. Jambo lililo hivyo daima ni jambo lililo hivyo kwa vyovyote. Na jambo lililo hivyo kwa vyovyote halihitaji kuthibitishwa mbele ya mtu mwenye akili zake. Maana ya zamani ilififia, lakini neno lilibaki pia katika muundo mwingine ambao kila mwanafunzi wa Kiswidi hufundishwa mapema: "ju förr desto bättre", yaani kadiri iwavyo mapema ndivyo iwavyo bora. Huyu ni ndugu wa "ju" wetu aliyeshika njia nyingine. Yeye husimama mwanzoni kabisa, jambo ambalo "ju" la kukumbusha haliwezi kamwe kulifanya. Kidenmaki na Kinorwe vina "jo" inayofanya kazi iyo hiyo. Kifini, ambacho si jamaa wa lugha hizo hata kidogo, hutumia kiambishi "-han" au "-hän" kinachobandikwa kwenye neno la kwanza la sentensi, na wafasiri wa Finland, nchi ambayo Kiswidi nacho ni lugha rasmi, mara nyingi hukibadilisha kuwa "ju" wakitoka Kifini kwenda Kiswidi.

Tumesema "ju" haliwezi kusimama mwanzoni. Basi husimama wapi? Hapa inabidi tuingie katika sintaksia, na tunamwomba msomaji avumilie aya chache.

Sentensi huru ya Kiswidi ina sharti moja kubwa: kitenzi kilichobeba njeo lazima kiwe cha pili. Mbele yake panakaa kitu kimoja tu. Chaweza kuwa kiima, chaweza kuwa kielezi cha wakati, chaweza kuwa yambwa, lakini ni kimoja. Mdenmaki Paul Diderichsen, katika sarufi yake ya Kidenmaki ya mwaka 1946, alieleza mpangilio huu kwa kuchora safu ya visanduku mfano wa mabehewa ya treni: behewa la mbele, la kitenzi chenye njeo, la kiima kama hakikukaa mbele, kisha behewa dogo la vielezi vya sentensi, kisha vitenzi vingine, yambwa na vinginevyo. Mchoro huo ulienea katika sarufi za Kiswidi pia, na hadi leo walimu huuchora ubaoni. Behewa dogo la katikati ndimo linamokaa neno la ukanushi "inte", na ndimo linamokaa "ju", likitangulia ukanushi.

Tazama sentensi hii: "Han har ju inte ätit i dag." Maana yake ni "Si hajala leo", na mpangilio wake neno kwa neno ni "yeye ana ju si kula leo". Tukihamisha "leo" mbele, kiima kinaruka nyuma ya kitenzi, lakini "ju" na "inte" wanabaki pamoja: "I dag har han ju inte ätit." Tukiifanya kuwa kishazi tegemezi cha sababu, kitenzi chenye njeo kinashuka, na behewa dogo sasa linakitangulia: "eftersom han ju inte har ätit", yaani "kwa kuwa, kama unavyojua, hajala". Neno halikusogea kwa hiari yake. Kila kitu kilicholizunguka ndicho kilichosogea.

Kuna mahali pamoja tu ambapo "ju" lina uhuru kidogo, napo ni pazuri. Kiima kinapokuwa jina kamili na kimeruka nyuma ya kitenzi, "ju" laweza kukaa kabla yake au baada yake. "I går kom ju Anna hit" na "I går kom Anna ju hit" zote zina maana kwamba jana Anna alikuja hapa. Ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi pale Anna anapokuwa ndiye habari. Ya pili inamchukulia Anna kuwa mtu tuliyekuwa tukimzungumzia tayari. Kiima kikiwa kiwakilishi tu, uhuru huo unakaribia kutoweka: "I går kom hon ju hit" ni kawaida, na ukiweka "ju" kabla ya "hon" itakubidi umtilie mkazo "hon", kana kwamba unasema "yeye hasa". Kwa hiyo neno linalogawa habari kati ya watu linagawa pia habari ndani ya sentensi. Upande wake wa kushoto hukaa yaliyokwisha kuzoeleka, na upande wa kulia yaliyo na uzito.

Mengine ni makatazo, nayo yanafundisha kuliko ruhusa. "Ju" halichukui mkazo. Halisimami peke yake kama jibu. Halikanushwi. Haliingii katika swali la ndiyo au siyo, wala katika swali la nani, nini na wapi. Haliingii katika amri. Haliingii vizuri katika kishazi cha sharti: huwezi kusema "akija, kama ujuavyo atakuja". Katika kishazi rejeshi linakubalika pale kinapoongeza habari pembeni, kama "kaka yangu, ambaye ju anakaa Lund", lakini si pale kishazi kinapochagua watu: "wote ambao ju wanakaa Lund" ni kosa. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi orodha hii waikariri. Afadhali awape sababu, kwa kuwa ni moja. Huwezi kuuliza jambo ambalo unadai sote tunalijua, huwezi kuliamrisha, huwezi kuliwekea "kama", na huwezi kulitumia kumtambulisha mtu kana kwamba ni habari mpya. Sintaksia hapa ni kivuli cha mazungumzo.

"Ju" lina ndugu wawili wanaokaa nalo katika behewa hilo dogo, "nog" na "väl", na ukiwaweka pamoja picha inakamilika. "Han kommer nog" ni "nadhani atakuja": msemaji amepima mwenyewe na ndiye mwenye dhamana. "Han kommer väl" ni "atakuja, sivyo?": msemaji anakisia, na anamwachia msikilizaji neno la mwisho. "Han kommer ju" ni "si anakuja": habari ni ya wote. Mmoja anasimama upande wangu, mmoja anaelekea upande wako, mmoja yuko kati yetu.

Historia ya "nog" inastahili aya yake. Asili yake ni neno la kutosha, na hadi leo "Det är nog" ikisimama peke yake huweza kumaanisha "Inatosha". Kutoka "ya kutosha" lilifika "hakika", na maana hiyo bado ipo neno likiwekwa mwanzoni: "Nog vet jag det", yaani "najua sana". Lakini likikaa katikati ya sentensi, hakika imeshuka ikawa "huenda". Je, hatuna la kwetu lililoanguka ngazi hizo hizo? "Labda" huhusishwa na maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hapana budi". Neno lililokuwa la lazima sasa ni la mashaka. Inaelekea watu wakisema "hakika" mara nyingi mno, wasikilizaji huanza kusikia shaka ndani yake.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuyatazama maneno haya kwa heshima. Sarufi zilizofuata kigezo cha Kilatini zilikuwa na kapu la vielezi, na kila kisichojulikana pa kuwekwa kilitupwa humo. Huko Ujerumani, ambako "ja" na "doch" hufanya kazi kama hii, mwandishi wa miongozo ya mitindo, Ludwig Reiners, aliyafananisha katika miaka ya 1940 na chawa katika manyoya ya lugha. Mageuzi yalikuja mwaka 1969, pale Harald Weydt alipochapisha uchunguzi wake wa maneno hayo ya Kijerumani akiyalinganisha na Kifaransa. Angalia kwamba ilihitajika lugha ya pili. Kifaransa hakina tabia ya kurundika maneno ya namna hiyo, na mtu anayetafsiri ndiye wa kwanza kuona kwamba kuna kitu kimemponyoka mkononi. Kwa Kiswidi, Karin Aijmer aliandika mwaka 1977 makala yaliyohusu "ju" na "väl" hasa, na baadaye akayalinganisha na Kiingereza. Sarufi kubwa ya Akademi ya Uswidi, ya juzuu nne, iliyotoka mwaka 1999, iliyapa nafasi inayostahili miongoni mwa vielezi vya sentensi.

Data nayo ilichelewa. Kazi ya kamusi ya kihistoria ya Akademi hiyo ilianza mwaka 1883 na haikukamilika hadi mwaka 2023, nayo husimama juu ya maandishi. Kamusi ya kwanza kubwa ya idadi za maneno ya Kiswidi, iliyoongozwa na Sture Allén na kuanza kutoka mwaka 1970, ilihesabu maneno ya magazeti. Lakini "ju" ni neno la mdomo kwanza. Ukilitafuta gazetini utalikuta hasa katika maoni na barua za wasomaji, yaani pale mwandishi anapobishana na mtu.

Na hapo ndipo kijineno hiki kinapoacha kuwa mchezo wa wanaisimu. Mtu akisimama mkutanoni akasema kwamba shule hii "ni ju ghali mno", amefanya mambo mawili. Ametoa dai, na amelipitisha mlango wa nyuma kana kwamba limekwisha kukubaliwa. Ukisema "hapana, si ghali", umekanusha ughali, lakini ile "kama sote tujuavyo" imebaki imekaa kitini. Haiguswi na ukanushi. Ili uiguse lazima usimamishe mazungumzo na kuuliza, "Tunajuaje hilo, na 'sisi' ni nani?" Si kila mtu ana ujasiri huo, hasa mgeni. Ndiyo maana wanaofundisha uandishi wa kitaaluma huko huwaonya wanafunzi waliepuke: katika tasnifu hakuna kinachojulikana na wote mpaka kithibitishwe.

Mgeni tumemtaja kwa makusudi. Tangu mwaka 1965 dola ya Uswidi imegharimia masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, na miongoni mwa waliokaa katika madarasa hayo wamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Mwanafunzi asiyetumia "ju" hana kosa la sarufi hata moja. Lakini kila anachosema kinatoka kama tangazo. Anamwarifu jirani yake mambo ambayo jirani anayajua. Akilitumia ovyo nako kuna hatari, maana "ju" lililowekwa mahali pasipo habari ya pamoja husikika kama lawama: ulipaswa kujua, mbona hujui? Kwa desturi za Uswidi hatari hiyo ni ndogo kwa upande wa vyeo. Tangu miaka ya 1960 karibu kila mtu huitwa "du", yaani "wewe", na Waswidi hukumbuka mwaka 1967, pale Bror Rexed, mkuu wa mamlaka ya afya, alipotangaza kwamba yeye na wafanyakazi wake wataitana hivyo. Mtu anaweza kumwambia mkuu wake "Jag sa ju det" na kazi ikaendelea. Kwetu "Si nilikuambia" haipandi ngazi kwa urahisi hivyo. Kwa mzee mtu hutafuta njia ya kuzunguka: "Mzee, nadhani siku ile niligusia."

Turudi basi nyumbani kwa dakika chache. Tumekuwa tukitafsiri "ju" kwa "si", lakini hiyo ni nusu ya kazi. "Men du har ju redan ätit!" hatutasema "si" kwa urahisi, tutasema "Mbona umeshakula!" Na mtu akifungua mlango akamkuta rafiki aliyedhani yuko mbali, Mswidi husema "Det är ju du!", sisi tunasema "Kumbe ni wewe!" Neno moja la Kiswidi linagawanyika kwetu mara tatu: "si" kwa linalojulikana, "mbona" kwa linalojulikana lakini linapingana na unayoyafanya au kuyasema, "kumbe" kwa ambalo limejulikana sasa hivi. Kiswidi hakijali kwamba katika mfano wa mwisho hakuna aliyejua. Kinachotosha ni kwamba sasa jambo liko mbele ya macho ya wote wawili. Kiswahili kinajali. Na tofauti ya pili ni ya mahali. Mswidi huficha kijineno chake katikati ya sentensi, nyuma ya kitenzi, bila mkazo. Sisi kwa kawaida tunakiweka mlangoni, mbele kabisa, ili msikilizaji ajue kabla ya kusikia habari yenyewe kwamba anakumbushwa, anapingwa au anashangaliwa.

Hata hivyo, vitabu vingi vya sarufi tunavyofundishia huweka "kumbe" katika vihisishi, "mbona" katika viulizi, na "si" katika ukanushi, na hapo wanaachana kama watu wasiojuana. Matokeo yake tunayaona darasani. Wanafunzi wetu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya tatu au ya nne husikia "Si ulikuja jana" wakadhani wanaambiwa kwamba hawakuja. Wakisoma "Wewe si mwalimu" kwenye karatasi wana haki ya kuuliza: ni kauli ya kunikana, au ni swali la kunikumbusha kazi yangu? Kiimbo ndicho kinachoamua, na kiimbo hakimo kwenye karatasi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen na ambayo katika toleo lake la pili ina maneno yapatayo milioni 25, imetusaidia sana katika mengi, lakini kwa sehemu kubwa ni magazeti na vitabu. Kwa ajili ya "si" inabidi kukaa sokoni, au kwenye teksi, au barazani, na kusikiliza.

Idara yetu imeanza kukusanya mifano ya mdomo ya "si", "mbona" na "kumbe", pamoja na maneno yanayofanya kazi hizo katika lugha za nyumbani za wanafunzi. Wasomaji walio na mifano wanaombwa waituandikie, wakieleza nani alisema, alimwambia nani (kwa cheo au udugu, si kwa jina), na mwenzake alijibu nini. Jibu la mwenzake tafadhali msilisahau, kwa sababu mara nyingi ndilo linaloonyesha kama habari kweli ilikuwa ya wote wawili.